Mwani wa Kula: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua

Katika miaka ya hivi karibuni kimeenea madukani, masokoni na katika simu za mkononi chakula kinachouzwa kwa jina la kigeni la "sea moss". Kinauzwa kikiwa kikavu, kikiwa unga, kikiwa vidonge, na kikiwa rojo zito ndani ya chupa. Na karibu kila muuzaji ana orodha yake ya magonjwa ambayo chakula hicho huyaponya. Walaji hutuuliza kitu hicho ni nini hasa, kinatoka wapi, na kama bei yake ni ya haki. Jibu letu la kwanza ni fupi: ni mwani. Ni mwani uleule unaolimwa na akina mama wa Mlingotini, kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo, na wakulima wenzao wa Unguja, Pemba, Tanga, Lindi na Mtwara. Ni chakula chema kikiandaliwa vizuri. Si dawa, na hakuna muuzaji mwenye haki ya kumshauri mgonjwa aache dawa za hospitali kwa ajili yake.

Jina la kigeni ndilo chanzo cha mkanganyiko mwingi. Kwa lugha yake linataja mimea midogo ya kijani inayotandaa kama zulia juu ya mawe yenye unyevu, kuta za visima na magofu ya kale. Mimea hiyo ni ya nchi kavu, wala haistahimili kuishi ndani ya bahari. Mwani ni kiumbe cha ukoo mwingine kabisa. Hauna mizizi ya kunyonya chakula, hauna maua wala mbegu. Hujilisha kwa mwili wake wote, ukifyonza moja kwa moja kile kilichoyeyuka katika maji yanayouzunguka. Tunamwomba msomaji aishike habari hii ya kufyonza kwa mwili wote, kwa maana ndiyo itakayoeleza baadaye kwa nini mahali ulipoota mwani ni jambo kubwa kuliko rangi yake au uzuri wa paketi.

Mwani wa kwanza kuitwa kwa jina hilo ni ule mwekundu unaoota katika miamba ya baridi ya Bahari ya Atlantiki, hasa Ireland, ambao wataalamu huuita Chondrus crispus. Watu wa huko waliuchemsha tangu zamani kwa kufanya maziwa na michuzi yao iwe mizito. Baadaye jina lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likapewa mwani wa aina nyingine, Gracilaria, ambao hunywewa pamoja na maziwa na viungo. Kisha biashara ya mitandao ikalifikisha jina hilohilo kwa mwani wetu. Kwa hiyo leo mimea mitatu ya bahari tofauti inauzwa kwa jina moja. Mwani wa Ireland hauoti katika maji ya joto ya pwani hii. Paketi inayodai kwamba ndani yake mna mwani wa Ireland uliovunwa Bagamoyo inasema uongo katika mstari wake wa kwanza, na mlaji hana sababu ya kuamini mstari wa pili.

Si mara ya kwanza pwani yetu kuuza nje kitu cha namna hii. Katika karne ya 19 marere, yaani kuvumwani inayoota juu ya matawi na magome ya miti, ilisafirishwa kwenda Ulaya kutengenezewa rangi ya zambarau. Wengi waliolala chini ya vitambaa hivyo hawakujua marere ni nini, na haikuwadhuru. Kwa kitu cha kula, kutojua kuna gharama.

Aina mbili na kilimo chake

Mwani ulikuwa ukiokotwa katika fukwe za Tanzania na kuuzwa nje kwa miongo kadhaa kabla ya mtu yeyote kuupanda. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyefanya utafiti na kuhimiza ulimwe. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na katika miaka iliyofuata kikaenea Tanzania Bara. Aina zilizozoeleka ni mbili, na wakulima huziita kwa majina ya biashara: spinosum, ambayo jina lake la kitaalamu ni Eucheuma denticulatum, na cottonii, ambayo ni Kappaphycus alvarezii. Spinosum ina matawi membamba yenye vijiba vidogo vilivyochongoka kama miiba mifupi. Cottonii ni nene zaidi, laini kuishika, na matawi yake hayana mpangilio.

Tofauti hii si ya macho tu. Aina zote mbili hukamuliwa kiini kinachogandisha vyakula, ambacho katika maandishi ya paketi huonekana kwa jina la "carrageenan" au kwa namba E407. Kiini hicho kimo katika aiskrimu, maziwa ya chokoleti, soseji, nyama za makopo na hata dawa ya meno. Yaelekea msomaji amekwisha kula mwani mara nyingi bila kuambiwa. Cottonii hutoa kiini kinachoganda kikawa kigumu na kukatika kwa kisu. Spinosum hutoa kiini laini kinachotikisika. Viwanda huipenda zaidi cottonii na huilipa bei kubwa zaidi. Lakini cottonii ni dhaifu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika mashamba mengi ya pwani yetu, hasa pale maji ya kina kifupi yanapopata joto kali la mchana. Matawi hugeuka meupe, hulegea, kisha hukatika na kuchukuliwa na maji.

Shamba la kawaida ni vigingi vilivyopigwa katika mchanga na kamba zilizotandwa baina yake. Juu ya kila kamba mkulima hufunga kwa vikamba vidogo vipande vya mwani, kila kimoja kikiwa na uzito wa kama gramu 100, akiacha nafasi ya shubiri moja hivi. Hakuna mbolea wala dawa inayomwagwa. Kazi hufanywa siku za bamvua, wakati mwezi umeandama au umekuwa mpevu na bahari hukupwa sana. Siku za maji mafu shamba halifikiki kwa miguu. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, sehemu yake hurudishwa kamba kuwa mbegu, na iliyobaki huanikwa. Kilo moja ya mwani mkavu hutokana na kilo saba hadi kumi za mbichi, na mbichi hiyo hubebwa kichwani au kwa mtumbwi ikiwa bado inachuruzika maji ya chumvi. Samaki aina ya tasi hupenda kuila kabla ya mwenyewe. Mvua za masika nazo huleta maji baridi yasiyo na chumvi. Mwani haupendi maji hayo, na ndiyo maana hatuoni mashamba karibu na mdomo wa Mto Ruvu, kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, ilhali ghuba ya Mlingotini iliyokingwa na mawimbi ilifaa. Huko Mlingotini wakulima pia wamejifunza kuelea kamba zao katika maji ya kina kirefu, yaliyo baridi zaidi, ili cottonii ipone.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanamsaidia mnunuzi. Muuzaji anayedai kuwa mwani wake ni wa "porini", usiolimwa, na kwa hiyo una bei maradufu, aulizwe umetoka ufukwe gani. Spinosum na cottonii zinazouzwa katika nchi yetu karibu zote ni za kamba. Kulimwa si dosari. Mwani wa kamba haugusi matope wala nyasi bahari, na mwenye shamba anajulikana. Vilevile muuzaji mwenye cottonii tele mwaka mzima, tena kwa bei ya spinosum, inafaa aulizwe tena ni aina gani hasa anayoiuza.

Wapo pia wanaouza "mbegu" za kupanda nyumbani katika ndoo au beseni. Mwani huu huhitaji maji ya bahari yanayopita bila kukoma, yaliyo na chumvi kamili, joto la wastani na jua. Katika ndoo utaoza ndani ya siku chache. Anayetaka kulima kwa kweli aende kwa afisa uvuvi wa wilaya yake na kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji husika, maana bahari ya kijiji ina utaratibu wa kugawana maeneo.

Kuutambua mwani mzuri

Mwani mbichi unaweza kuwa wa kahawia, kijani au wekundu, hata ndani ya shamba moja. Ukianikwa mara moja hubaki na rangi ya giza, ya zambarau au hudhurungi. Ukioshwa kwa maji baridi na kuanikwa juani mara kadhaa, rangi hutoka na mwani huwa wa manjano ya dhahabu, kisha mweupe. Kwa hiyo "mwani wa dhahabu" na "mwani wa zambarau" vinaweza kuwa mmea mmoja uliotofautishwa na idadi ya siku za jua. Kuuza rangi moja kwa ajili ya damu na nyingine kwa ajili ya mifupa ni maneno ya biashara tu. Ulio mweupe kama karatasi na wenye harufu ya dawa ya kufulia usiununue.

Vumbi jeupe lenye ladha ya chumvi juu ya mwani mkavu huwatisha wanunuzi bure. Hiyo ni chumvi ya bahari na ya mwani wenyewe, nayo hutoka kwa kuoshwa. Ukungu ni kitu kingine: huwa na manyoya, huweza kuwa wa kijani au mweusi, na harufu yake ni ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Mwani mzuri hunuka bahari. Haunuki uozo wala mafuta ya taa. Ukiukunja hupinda kama mpira mgumu bila kuacha majimaji kidoleni.

Maji ndiyo hasara isiyoonekana. Mwani unaopelekwa viwandani huuzwa ukiwa bado na theluthi moja au zaidi ya uzito wake kuwa maji, na viwanda hukubali kwa kuwa vitauchakata mara moja. Mlaji anayenunua mwani wa namna hiyo kwa matumizi ya nyumbani hulipia maji, na hifadhi yake huwa fupi. Kutikisa fungu juu ya kitambaa cheupe kutaonyesha mchanga, vipande vya kamba na viganda vya kome. Mwani ulioanikwa juu ya chanja au wavu ulioinuliwa ni bora kuliko ulioanikwa mchangani, ambako kuku, mbuzi na mbwa hupita. Ni haki ya mnunuzi kuuliza ulianikwa juu ya nini, na wakulima wanaotumia chanja hufurahi kuulizwa, kwa kuwa wameingia gharama.

Kuhusu bei, tunashauri hesabu moja rahisi: geuza kila bei iwe ya kilo. Paketi ya gramu 100 inayouzwa shilingi 15,000 ni sawa na shilingi 150,000 kwa kilo. Kwa miaka mingi mkulima wa spinosum amekuwa akipata mamia ya shilingi tu kwa kilo ya mwani mkavu. Kusafisha, kukausha upya, kufungasha na kupima maabara kuna gharama zake, nasi hatusemi kwamba kila faida ni wizi. Lakini pengo la namna hiyo linampa mnunuzi haki ya kuuliza alichoongezewa. Rojo la chupa lina hesabu kali zaidi. Gramu 30 za mwani mkavu hutosha kutengeneza karibu nusu lita ya rojo, na kilichobaki ni maji.

Mwani usiojulikana ulipotoka

Kama tulivyosema, mwani hufyonza kwa mwili wote. Hauchagui vizuri kati ya madini yafaayo na yasiyofaa. Ukiota penye risasi, kadimiamu au aseniki, utavikusanya. Kwa sababu hiyo tunamsihi mlaji asiokote mwani kwa ajili ya kula katika fukwe za jiji la Dar es Salaam, hasa karibu na midomo ya mito inayobeba maji machafu kama Msimbazi, wala karibu na bandari na mahali mashua zinapopakwa rangi. Mwani uliosukumwa ufukweni na mawimbi tayari umekufa na umeanza kuoza, hata uonekane mbichi kiasi gani. Tena, kwa lugha ya kila siku ya pwani, neno mwani hutumika hata kwa nyasi bahari, ambazo si chakula cha binadamu.

Kuna tukio moja la mbali ambalo tunalikumbusha mara kwa mara. Mwaka 1991, katika kisiwa cha Guam kilichopo Bahari ya Pasifiki, watu 13 waliugua na 3 kati yao wakafariki baada ya kula mwani wa jamii ya Gracilaria uliookotwa pwani. Ulikuwa mwani wa kawaida katika chakula chao. Sumu iliingia katika mwani wa mahali hapo, na hakuna aliyeweza kuiona, kuinusa wala kuionja. Gracilaria zipo pia katika pwani yetu. Mkulima wa Mlingotini anayevuna kamba ileile kila wiki sita, na kuuza kwa wanunuzi wanaorudi, ni kinga kubwa kuliko mwani wa bure usio na mwenyewe.

Madini joto na madai ya tiba

Dai linalorudiwa zaidi ni kwamba mwani huu una "madini 92 kati ya 102 ya mwilini". Hesabu hiyo haina maana. Sayansi inatambua elementi 118, na zinazojulikana kuhitajiwa na mwili wa binadamu ni sehemu ndogo tu. Bahari ina chembe za karibu kila kitu kilichopo duniani, zikiwemo zebaki, risasi na urani. Kwa hiyo kuhesabu idadi ya vitu vilivyomo katika mwani hakuelezi kama vinafaa, wala ni vya kiasi gani. Kilichomo kwa wingi katika mwani ni nyuzinyuzi zinazosaidia choo na shibe, pamoja na potasiamu, magnesiamu na kiasi cha kalsiamu na chuma. Protini ni kidogo. Kijiko kimoja au viwili vya rojo kwa siku haviwezi kuchukua nafasi ya dagaa, maharage na mchicha, ambavyo bei yake ni nafuu zaidi.

Jambo linalohitaji uangalifu wa kweli ni madini joto. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha mikrogramu 250. Upungufu wake huleta rovu na hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ndiyo sababu chumvi yetu ya mezani huongezwa madini hayo. Lakini wingi wake nao hudhuru tezi ya shingo, iwe kwa kuifanya ifanye kazi kupita kiasi au kwa kuilegeza. Kiasi cha madini joto katika mwani hubadilika sana kwa aina, mahali na namna ulivyooshwa, wala paketi nyingi hazikitaji. Mtu anayetumia chumvi yenye madini joto, kisha akala rojo la mwani kila asubuhi na vidonge vyake jioni, hawezi kujua amefikia kiasi gani.

Kwa sababu hiyo mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo asitumie mwani kama nyongeza ya kila siku bila kuzungumza na daktari wake. Mama mjamzito na anayenyonyesha vilevile. Mgonjwa wa figo atahadhari na potasiamu iliyomo, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini aulize kwanza, kwa kuwa vitamini K ya mimea ya baharini huweza kuingiliana na dawa hiyo. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji mwani wala chakula kingine chochote zaidi ya maziwa ya mama. Unga mkavu usimezwe kwa kijiko bila maji ya kutosha, maana huvimba kooni.

Tunakuja sasa kwa lililo zito. Wapo wagonjwa wa shinikizo la damu, wa kisukari na wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wanaoambiwa kuwa mwani "unasafisha mwili" na kwamba dawa zao ni sumu. Mgonjwa akiacha dawa huweza kujisikia vizuri kwa siku kadhaa, hata majuma, na hapo muuzaji hupata shahidi. Shinikizo la damu halipigi hodi kabla ya kumpoozesha mtu, na virusi vilivyoachwa bila dawa hurudi kuongezeka, huku vingine vikijenga usugu. Mlaji anayependa mwani aule pamoja na dawa zake, kwa idhini ya mtoa huduma wake wa afya.

Sheria iko upande wa mlaji katika hili. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Muuzaji wa mwani anapaswa kuchagua: akiuza chakula, asitangaze tiba, akiuza tiba, aonyeshe usajili wake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kauli za kumpotosha mlaji. Paketi halali huonyesha jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na jina na anwani ya mtengenezaji. Vikundi vidogo vya wakulima vinaweza kupata alama ya ubora ya TBS, na SIDO huvisaidia kuanza safari hiyo. Kwa hiyo "sisi ni wadogo" si sababu ya kukosa hata tarehe.

Kuandaa nyumbani

Kwa maoni yetu, njia bora ni kununua mwani mkavu na kuutengeneza mwenyewe. Oshwe kwa maji safi mara tatu au nne, ukisuguliwa kwa mkono hadi maji yasiwe na mchanga. Kisha uloweke katika maji ya kunywa kwa saa 12 hadi 24 mahali pa baridi, ukibadilisha maji angalau mara mbili. Utavimba na kulainika. Maji ya kulowekea yamwagwe, kwa kuwa yamebeba chumvi na sehemu ya madini joto. Baada ya hapo uchemshwe kwa moto mdogo katika maji mapya huku ukikorogwa, hadi uyeyuke, dakika 20 hivi au zaidi. Kiini cha mwani hakiyeyuki vizuri bila moto, na moto huua vijidudu ambavyo kulowekwa peke yake hakuviui. Wale wanaousaga ukiwa mbichi na kuunywa hivyohivyo huruka hatua yenye faida zaidi.

Rojo likipoa litaganda. Hufaa kuongezwa katika uji wa ulezi, juisi ya ukwaju au embe, na supu ya samaki. Wengine hukatakata mwani uliolowekwa na kuchovywa katika maji ya moto wakautia kwenye kachumbari yenye ndimu na pilipili, na tunakiri kwamba ni kitoweo kizuri. Tunashauri rojo lihifadhiwe katika chupa safi yenye kifuniko ndani ya jokofu, litumike ndani ya wiki moja. Pasipo jokofu, pika la siku hiyo tu. Likiwa na povu, uchachu au utelezi wenye nyuzi, limwagwe. Rojo linalouzwa kando ya barabara ndani ya chupa ya maji iliyotumika, juani, lisinunuliwe kwa bei yoyote.

Sabuni ya mwani inayotengenezwa na vikundi vya akina mama ni bidhaa nzuri, na ulaini wake kwenye ngozi unatokana na kiini hicho hicho pamoja na mafuta ya nazi. Kuondoa makovu na kung'arisha ngozi ndani ya siku saba ni dai jingine. Sabuni inayofanya hivyo ina kitu kingine ndani yake, na kitu hicho ndicho cha kuogopwa.

Ununuapo mwani kwa namna yoyote, hifadhi paketi na risiti hadi utakapoumaliza. Ukipata mapigo ya moyo ya kwenda mbio, uvimbe wa shingo, kutetemeka, upele au kuharisha baada ya kuutumia, acha mara moja na uende kituo cha afya ukiwa na paketi hiyo mkononi, ili mhudumu asome alichokula mgonjwa badala ya kukisia. Paketi hiyohiyo, yenye namba ya toleo, ndiyo itakayowezesha ofisi ya TBS ya kanda au afisa afya wa kata yako kufuatilia fungu lililobaki dukani.